Mkeka wa Mama Uko Maramba

Ukikutana na mtu wa Tanga mkiwa hamjaonana miezi, atakuuliza habari za siku nyingi, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za safari, nawe utajibu nzuri, nzuri, nzuri, mpaka ulimi uote sugu. Mie nimejibu hivyo maisha yangu yote. Nilijibu nzuri hata siku tuliyomzika mume wangu. Safari hii sijibu nzuri. Anayeuliza na avute kiti akae kitako, maana habari za miezi hii zina pilipili.

Nianze na nyumbani. Naishi Nguvumali na mama yangu, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Watoto wangu wameshaondoka, kila mmoja ana mji wake. Mama macho yamekwenda. Presha ya macho ilimla taratibu, jicho la kushoto kwanza, kisha na la kulia likafuata. Lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo. Anamjua aliyeingia kwa namna anavyovua viatu mlangoni, anajua chumvi imezidi kabla hajaonja, na mimi mwenye wajukuu bado ananikemea kama msichana aliyechelewa kisimani.

Kazi yangu ni kuandika. Kitabu nilichokuwa nacho mkononi ni cha nyumba hii hii, na jiko lake, na ugomvi wake, na arusi na vifo vyake. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam aliupenda mswada, na baada ya Idi akaniita niende nikaupitie na mhariri wake. Nikaenda na furaha zangu na gauni jipya. Mhariri ni mtu wa adabu, kwa hilo sina la kumsema. Alinikaribisha kahawa, akanisifu, akanisifu tena, nami nikaanza kushtuka, maana sifa zikizidi kuna jambo. Kweli bwana, akasema sura moja itoke.

"Ipi?" nikamuuliza.

"Hii ya mkeka wa maiti. Mama, inatisha. Wasomaji wa siku hizi wanataka matumaini."

Matumaini! Sura ile ndiyo kitabu chenyewe. Kwetu sisi mwanamke akishafika umri, hasa akiwa mjane, hujisukia mkeka wake wa kuzikiwa. Si wa kulalia, si wa kuswalia. Hauna rangi hata chembe, ni ukindu mweupe mtupu. Siku ya maziko hutandikwa kaburini juu ya zile mbao zinazomfunika maiti, ili mchanga usipenye ukamwangukia. Bibi yangu alikuwa na wake, na mama yake kabla yake. Na mkeka huo una sharti moja, nalo ni kwamba haumalizwi. Ukili wa mwisho, yaani ule utepe wa ukindu uliosukwa tayari kuungwa na wenzake, huachwa unaning'inia pembeni, na sindano imechomekwa pale pale. Siku mwenyewe akifariki, maiti akiwa ndani anaoshwa, binti yake hukaa uani akaushona ule ukili wa mwisho, ndipo mkeka utoke pamoja na jeneza. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini asiumalize tu kazi ikaisha. Akaniambia mkeka uliokwisha unamngoja mtu, na yeye hapendi kungojwa.

Mama alisuka wake alipomaliza eda ya baba, macho yangali mazima. Akaufukiza udi, akaufunga ndani ya shuka jeupe, akauweka juu ya kabati chumbani kwake. Kila baada ya masika huutoa akauanika usiingie ukungu, kisha huurudisha. Binti yake ni mimi peke yangu. Ule ukili wa mwisho ulikuwa wangu.

Hayo ndiyo mhariri aliyotaka yatoke kitabuni. Nilimwambia nitafikiri, kwa sababu nilikuwa ugenini na kahawa yake ilikuwa tumboni mwangu.

Sasa, asiyekuwepo na lake halipo. Siku zile zile nilizokuwa Dar, nyumbani Tanga walikuwa wanafunga vyombo vya arusi. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa kuzaliwa, anakaa Dar na kazi yake nzuri na kitambi chake. Alikuwa anamwoza binti yake, akaona arusi ifanyike Nguvumali kwenye nyumba ya wazee. Jambo jema. Bwana arusi ni mwalimu, Mdigo wa Maramba, watu wake ni wakulima wenye heshima zao. Kwa desturi yetu shangazi ndiye anayefunga vyombo vya bibi arusi. Mikeka, mito, sufuria, vyungu, kila kitu kipite mikononi mwake. Shangazi ni mimi, nami nilikuwa Dar nabishana juu ya matumaini. Kazi ikachukuliwa na wifi yangu, mke wa kaka, mtu wa bara, mkarimu, mchapakazi, mwanamke ambaye mikono yake haijui kutulia.

Wifi akaingia chumbani kwa mama kutafuta foronya. Juu ya kabati akaona kitu kimefungwa shuka jeupe, kinanukia udi. Hebu nenda wewe kamwambie mtu wa bara kwamba kitu kinachonukia udi hakikuwekwa kwa ajili ya arusi! Akakifungua, akakuta mkeka mpya, mweupe, haujakanyagwa. Akauona ukili unaning'inia na sindano imo. Moyo ukamwuma. Maskini mama mkwe, alikuwa anamsukia mjukuu wake, macho yakamzima hajamaliza! Akaona asimuulize, asije akamtonesha kidonda. Akaupeleka kwa fundi cherehani pale barabarani, ule ukili ukamaliziwa kwa mashine, na mkeka mzima ukazungushiwa pindo la kitambaa chekundu ili upendeze.

Mgala muue na haki yake mpe. Wifi alitenda kwa moyo safi, na katika miaka yote ya ndoa yake hakuna aliyemkalisha chini akamwambia habari ile. Ugomvi wangu si naye. Ugomvi wangu ni na kaka. Yeye kazaliwa katika chumba kile kile. Bibi alipozikwa alikuwa kijana mwenye ndevu, na ndiye aliyeuchukua mkeka begani mpaka makaburini. Huyo huyo, mwana wa mama yangu, akaunyanyua mkeka wa mama yake mzazi kwa mikono yake miwili, akaupakia kwenye gari la vyombo vya arusi. Hakuuliza! Nilipokuja kumbana baadaye akaniambia eti hakuangalia, alikuwa anaongea na simu. Lahaula! Mtu anaongea na simu huku amembeba mama yake!

Mie nilifika asubuhi ya arusi yenyewe, vumbi la safari lingali miguuni. Niliuona mkeka wenye pindo jekundu umesimamishwa nyuma ya gari, nikasema moyoni kwamba umependeza. Ndani, mama alikuwa amekaa kitandani na bibi yake bwana arusi, kikongwe mcheshi kutoka Maramba, wameshikana mikono kana kwamba wamenyonya ziwa moja. Siku nzima hawakutoka chumbani, wanacheka tu, na ukiingia wananyamaza. Jioni gari likaondoka na bibi arusi, na vyombo, na yule kikongwe kiti cha mbele. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Mvua za masika zilipokatika mama akaniita. "Nitolee mkeka wangu, leo jua lipo."

Nikapanda juu ya kigoda, nikapapasa. Vumbi tu.

"Mama, labda umeuhamisha."

"Mie? Kwa macho yapi?"

Tukapekua uvunguni, nyuma ya mlango, stoo. Mwisho nikampigia wifi, simu nikaiweka sauti ya juu kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imejaa vumbi. Wifi akafurahi kusikia sauti yangu. "Ah, ule mweupe! Tulimpa bibi arusi, wifi. Tena tuliumalizia, tukautia na pindo, ukapendeza kweli kweli!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno. Alitafuta kitanda kwa mkono, akakaa.

"Wameushona," akasema. "Wameushona na mie mzima."

Tangu siku ile chakula kikamshinda. Si kwamba aliogopa kufa, mama haogopi kufa, amekwisha kuagana na watu wengi mno. Alikuwa amekasirika. Mkeka wake ulikuwa umekwisha, tena umemalizwa na mashine ya mtu asiyemjua, tena uko chini ya matako ya watu huko Maramba, na yeye bado anakunywa uji. Anaamka asubuhi anauliza, "Mkeka umekuja?" Anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Nikimwambia ale anasema, "Nile niende wapi, na safari yangu mmeshaipeleka?" Mwili ukaanza kupungua. Nikaona wazi kwamba mkeka usiporudi, mama atatutoka kwa hasira tupu.

Nikampigia kaka. Akasema nisiwe na wasiwasi, ataufuata wiki hiyo hiyo. Wiki ikapita. Nikapiga tena, ataufuata wiki ijayo. Ijayo ikaja na ijayo yake. Safari moja akanijibu kwa ukali, "Lakini dada, si mkeka tu? Nitamnunulia mwingine. Siku hizi iko ya plastiki, mizuri, haiozi."

Mama akanyoosha mkono nimpe simu. "Mwanangu," akamwambia, sauti haikupanda wala haikushuka, "mie nakwenda kuoza. Nikioza mimi, nao uoze."

Kaka akasema mtandao unakatika, na kweli akaukata.

Na katikati ya hayo yote mhariri ananiletea ujumbe. Shikamoo mama, je, tumeshafikiri kuhusu ile sura? Nilitamani kumrushia simu huko huko Dar aliko.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Wanaojua wakwe wanajua uzito wa safari ile. Zawadi hairudishwi. Kwenda kwa wakwe ukawaambia nipeni kile nilichowapa ni kujivua nguo mchana kweupe. Lakini nilimtazama mama na sahani yake iliyojaa, nikasema aibu nitaioga. Wakati natoka aliniita. "Ukiupata, lifumue lile pindo huko huko. Usiniletee jekundu humu ndani." Kisha akaongeza, "Na yule bibi mwenzangu mpe salamu. Mwambie ile habari sijamwambia mtu."

Muheza nikashuka nikanunua machungwa, mfuko mzima, maana mkono mtupu haulambwi, na mkono unaokwenda kudai ndio usiwe mtupu kabisa. Kutoka hapo mpaka Maramba nilikuwa napanga maneno. Nitaanza na mzaha, halafu nitalia kidogo, halafu wakigoma nitakuwa mkali. Nilijiona nimejipanga barabara.

Nilibisha hodi kwa sauti ya mtu mwenye furaha. "Hodi wakwe zangu! Hamjambo?"

Barazani walikuwa wamekaa wanawake watatu wanachambua maharage. Mama yake bwana arusi, mwanamke wa rika langu, aliinua uso, hakuinuka. "Karibu," akasema, na lile karibu lilikuwa baridi. "Ndiyo unakuja leo?"

"Nimechelewa, najua, mkwe wangu, mambo yalikuwa mengi..."

"Arobaini imeshapita."

Nikacheka kwa kuwa sikuelewa. "Arobaini ya nani?"

Mmoja wa wale wanawake akaweka ungo chini. Mpwa wangu, bibi arusi wetu, akatoka jikoni, ameshiba jua la shamba, kanga kiunoni, mtoto wa Dar huwezi kumjua tena. Akanitazama mie, akautazama mfuko wa machungwa, akashika mdomo.

"Shangazi, kwani hukuambiwa? Bibi alifariki. Nilimpigia baba siku ile ile. Alisema atawaambia ninyi."

Machungwa yakanitoka mkononi, yakatawanyika baraza zima. Wala sikuyaokota.

Mkwe wangu akasema yote aliyokuwa ameyaweka moyoni, na alikuwa na haki. Tanga na Maramba ni mbali? Tumeoana juzi, ubani wa arusi haujatoka nguoni, mnashindwa kuja kutuzikia? Baba wa mtoto anatuma rambirambi kwa simu kama mtu anayelipia umeme, na shangazi hata sauti hatumsikii! Mama yenu alimshika mkono marehemu siku nzima ya arusi, hata salamu asilete? "Tukasema," akamalizia, "kumbe tumeoa kwa watu wasio na watu."

Nilikuwa nimekwenda na hasira zangu zimejaa kikapu, nikakuta nyumba ina ghala zima. Nikapiga magoti pale pale penye machungwa, nikalia, na sikulia kile kilio nilichokuwa nimekipanga njiani. Niliwaapia kwamba hatukujua. Niliwaambia mama amenituma salamu kwa marehemu asubuhi ya leo. Hapo ndipo mkwe alipoinuka, akanishika bega, akaanza kulia na yeye. Tukaombolezeana upya kana kwamba maiti yumo ndani.

Baadaye mpwa wangu akanichukua uani. Sikuweza kuuliza habari za mkeka, akaanza yeye.

Alisema bibi wa Maramba aliutambua siku ile ile ya kwanza vyombo vilipofunguliwa. Aliunusa. Akapitisha kidole kwenye ule mshono wa mashine, akauliza umetoka wapi. Akasema, "Huu usiukalie, mjukuu wangu. Una mwenyewe, watakuja kuufuata." Akauweka chumbani kwake juu ya sanduku. Kila gari likisimama barabarani alikuwa anauliza kama ni watu wa Tanga.

"Tukangoja," akasema mpwa wangu. "Kisha bibi akashikwa na homa, hakumaliza hata wiki."

Maiti akiwa ndani anaoshwa, wanaume nje wanauliza mkeka. Iliyokuwamo nyumbani ni ya plastiki, na mmoja wa rangi uliotoboka. Bibi yule hakuwahi kujisukia wake, wala hakuzaa binti, alizaa wanaume watupu. Wote wakamtazama mke wa mjukuu.

"Ukautoa mkeka wa bibi yako?" nikamwambia. Sauti ilinitoka kali, sikuweza kuizuia.

"Maiti yuko ndani, shangazi. Watu wamesimama juani. Ningesema nini? Ningesema mkeka upo lakini una mwenyewe?"

Nikakaa chini, kando yake.

Akasema alikaa uani na wembe, akafumua pindo jekundu, akafumua na mshono wa mashine, ukili wa mwisho ukabaki unaning'inia kama ulivyokuwa. Halafu akaushona kwa mkono, mshono mmoja mmoja, mpaka mwisho, wakati wanamwosha. Nikamuuliza alijuaje. Akaniambia mama alimsimulia akiwa mdogo, alipokuwa akija Tanga likizo, mchana sisi wengine tukilala na wao wawili wako macho. Mimi nilidhani anamsimulia hadithi za sungura.

"Sindano ilikuwa imo," akasema. "Fundi aliishonea humo humo ndani ya pindo." Akafungua fundo la kanga yake, akanipa sindano kubwa ya mama, imeviringishwa kipande cha kile kitambaa chekundu. Nikaitoa, kitambaa nikamrudishia. "Nilimweleza baba yote, shangazi. Akasema ninyamaze, atamwambia bibi mwenyewe."

Walinipeleka makaburini jioni ile kabla sijapata gari. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota. Nilisoma Fatiha, nikampa salamu zake na habari ya ile siri, kwamba mwenzake hajamwambia mtu. Mkeka wa mama ulikuwa pale chini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimpigia kaka nikiwa kituoni, watu wananitazama, na sikujali. Nilimwambia ulijua. Tangu ulipotuambia utaufuata, ulijua umeshakwenda na mtu. Ulimwacha mama anauliza umekuja, umekuja, kila asubuhi, na ulijua! Ukatuvunjia heshima kwa wakwe, ukamwacha mtoto wako abebe peke yake msiba na aibu yetu! Nilisema mpaka yule muuza karanga aliyekuwa karibu akaniletea maji.

"Niliogopa," kaka akasema.

"Ulimwogopa nani? Mama hakuoni!"

"Ndiyo maana," akasema, na sikumwuliza maana yake.

Nilifika Nguvumali nimeshapanga uongo wa namna tatu, na hakuna hata mmoja ulionipendeza. Mama alikuwa ameketi kitandani. "Umeupata?" Badala ya kujibu nikaiweka sindano kiganjani mwake. Akaipapasa tangu tundu mpaka ncha, akaifunga ndani ya ngumi. Basi nikamweleza yote, sikuficha kitu.

"Yule bibi?" akauliza.

"Yule."

"Inna lillahi." Mie nikadhani sasa atasema yale maneno mema wanayosema wazee, kwamba Mungu ndiye mpangaji, kwamba mkeka umepata mtu. Mama hakusema. Uso wake ulikunjamana, machozi yakatoka katika yale macho yasiyoona.

"Alinichekesha sana siku ile," akasema. "Lakini sikumsukia yeye! Nilisuka wangu! Nilipokuwa naona, nilisuka wangu." Akapiga godoro kwa ile ngumi yenye sindano. Nilimshika, akanisukuma. Nilimwacha alie, kwa sababu mkeka ulikuwa wake na kilio kilikuwa chake.

Alipotulia akauliza, "Ule ukili kashona nani?"

"Mjukuu wako."

"Kwa mashine?"

"Kwa mkono. Kwa sindano hiyo uliyoishika."

Akaipapasa tena. "Alaa," akasema. Kisha, "Mwambie kaka yako alete ukindu. Asitume mtu. Aje nao mwenyewe." Halafu akaomba chakula, na akakimaliza.

Kaka alikuja na ukindu kwenye buti la gari, na wifi kiti cha mbele macho yamevimba, kwa kuwa sasa ameshaambiwa. Walianza na Maramba, kuomba radhi, na waliombwa wakae mpaka wakala. Kwa mama, kaka alipiga magoti akasema shikamoo. "Marahaba," mama akajibu. "Umeleta?" Hakumgombeza. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu, nimekaa mkao wa kula, na mama hakumgombeza hata neno moja! Alimwambia akae chini na suruali yake ya ofisini achane ukindu. Anachana mpaka leo. Kila akipata nafasi anatoka Dar, anakaa uani, vidole vimejaa mikwaruzo, na simu yake mama anamwambia aiache ndani ya gari. Wifi anaanika, anachagua, na kila kitu anauliza kwanza. Mama mwenyewe anasuka ukili kwa vidole tu, uso ameuelekeza ukutani. Mimi nashona.

Mhariri nilimwandikia. Nilimwambia sura ya mkeka haitoki, na inafuatiwa na nyingine ya Maramba, na akitaka kitabu akichukue na maiti wake, au akiache. Hajajibu. Asijibu.

Juzi baada ya alasiri mama alinyoosha mkono nimpe nilichokwisha kushona. Nilikuwa nimekwenda mbali, nilijiona hodari. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, akasimama mahali. "Hapa umeruka." Akaendelea. "Na hapa umevuta mno, pamepinda."

"Mama, pamepinda kidogo tu."

"Fumua. Kwa mshono huu mie sifi."

Kaka akacheka huko aliko kwenye ukindu wake, wifi akaziba mdomo. Nikachukua wembe, nikafumua mpaka mwanzo, wala sikuharakisha.